SINDANO ZA KUPUNGUZA UNENE NA VIDONGE VYA PRESHA VYA KUKOJOSHA: MAELEZO KWA WANANCHI

Utangulizi

Wananchi wa Unguja wanaotumia dawa za shindikizo la damu, maradhi ambayo wengi wetu huyaita presha, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini na kuwasomea wazee wao majumbani. Makusudio yake ni kueleza jambo moja. Mtu anayetumia vidonge vya presha vya kukojosha, kisha akaanza kupiga sindano za kupunguza unene, huwa anatumia dawa mbili ambazo kila moja, kwa njia yake, inaweza kuupunguzia mwili maji. Dawa hizo zinaweza kutumika pamoja kwa salama, na madaktari wa nchi mbali mbali huziandika pamoja. Hata hivyo, usalama huo una masharti, na sharti la kwanza ni kuwa anayemtibu mgonjwa azijue dawa zote mbili.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kuwa kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila watatu alikuwa na shindikizo la damu la juu. Unene ni miongoni mwa mambo yanayolipandisha shindikizo hilo, na kwa hivyo mgonjwa wa presha mara nyingi ndiye huyo huyo anayeambiwa apunguze uzito. Habari za sindano hizi zimetufikia kwa simu za mkononi na kwa jamaa zetu walioko Maskat, Dubai na Uingereza. Wapo wanaoandikiwa na daktari, na wapo wanaoletewa katika mzigo wa msafiri. Wapo pia wanaozitumia kwa siri, kwa kuona haya kusema mbele ya watu kwamba wanatafuta kupungua. Siri hiyo ndiyo inayoleta madhara, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Sindano zenyewe ni zipi

Sindano zinazozungumzwa hapa ni za kundi linaloiga homoni ya utumbo ambayo mwili huitoa mtu anapokula. Zilizo maarufu ni semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Tirzepataidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro. Na liraglutaidi, inayouzwa kwa jina la Saxenda. Mbili za mwanzo hupigwa mara moja kwa wiki na ya tatu hupigwa kila siku. Zote hupigwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono. Semaglutaidi iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2017 kwa maradhi ya kisukari, na mwaka 2021 ikaruhusiwa kwa tiba ya unene. Mwezi wa Disemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya matumizi ya dawa hizi kwa watu wazima wenye maradhi ya unene, likasisitiza kuwa ziende pamoja na chakula bora na mazoezi, na kuwa wajawazito wasizitumie.

Kazi ya sindano hizi ni kuchelewesha chakula kutoka tumboni na kuupa ubongo habari ya shibe. Mtu hula kidogo na huona ametosheka. Katika majaribio makubwa ya semaglutaidi, watu waliotumia kipimo cha miligramu 2.4 kwa wiki walipungua kwa wastani kiasi cha asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, na shindikizo lao la damu pia likashuka. Hiyo ni faida kubwa, na makala haya hayana nia ya kuwatisha wananchi waikimbie.

Madhara yake ya kawaida yako tumboni: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Mara nyingi hutokea wiki za mwanzo, na hujirudia kila kipimo kinapopandishwa. Zaidi ya hayo, mtumiaji hupungukiwa na hamu ya kula, na wengine husahau hata kunywa maji. Ikumbukwe kuwa sehemu kubwa ya maji tunayoyapata kwa siku huingia pamoja na chakula: mchuzi, uji, chai na matunda. Anayeacha kula huwa amepunguza na kunywa bila ya kujua.

Vidonge vya kukojosha ni vipi

Vidonge hivi huyafanya mafigo yatoe chumvi na maji zaidi kwa njia ya mkojo. Maji yakipungua ndani ya mishipa, shindikizo hushuka. Ni dawa za siku nyingi, za bei nafuu na zenye manufaa makubwa. Zimewaepusha watu wengi na kiharusi. Zinazotumika sana ni bendroflumethiazaidi, haidroklorothiazaidi na indapamaidi kwa presha ya kawaida; furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, kwa wenye maradhi ya moyo, mafigo au uvimbe wa miguu; na spironolaktoni, ambayo hutoa maji lakini huibakisha potasiamu mwilini.

Wananchi wanatanabahishwa kuwa mtu anaweza kuwa anameza dawa ya kukojosha naye hajui. Vidonge vingi vya presha siku hizi vimechanganywa dawa mbili katika kidonge kimoja. Pakti ambayo jina lake linamalizikia kwa herufi H, kwa HCT au kwa neno Plus, au linaloanza na Co, huenda ina dawa ya kukojosha ndani yake. Asiyekuwa na hakika aichukue pakti yenyewe, si kidonge kimoja kilichofungwa katika karatasi, na amuoneshe mfamasia au daktari.

Kwa nini dawa hizi zikikutana pawe na uangalizi

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58 anayekaa Malindi humeza kila asubuhi kidonge chenye haidroklorothiazaidi, na presha yake imetulia. Binti yake anamletea sindano kutoka safarini, naye anaanza kuipiga bila ya kuwaeleza watu wa kliniki. Wiki ya tano anapandisha kipimo. Siku ya pili anatapika mara nne, na kila anachokunywa hakikai. Asubuhi inayofuata anameza kidonge chake cha presha kama desturi, kwa sababu amefundishwa, na kwa haki, kwamba dawa ya presha haiachwi. Kidonge kinaendelea na kazi yake ya kutoa maji katika mwili ambao tayari umepungukiwa. Alfajiri ya siku ya tatu anainuka kitandani kwenda kutawadha, kizunguzungu kinamshika, na anaanguka katika ngazi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mwenendo wake ndio wenyewe. Kila dawa ilifanya kazi iliyowekewa, na mama huyu hakuwa mzembe. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye kuzijua dawa zote mbili, ambaye angemwambia mapema la kufanya siku ya kutapika. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambazo ngazi zake ni za mwinamo mkali na baadhi hazina mwangaza wa kutosha, kizunguzungu cha alfajiri si jambo dogo. Mzee akivunjika nyonga, huenda asirudi katika hali yake ya kwanza.

Zaidi ya kuanguka, kuna madhara matatu ambayo hayaonekani kwa macho:

(a) Mafigo. Maji yakipungua sana, damu inayofika katika mafigo hupungua na kazi yake inaweza kudorora kwa siku chache tu. Hatari huzidi kwa anayetumia pia dawa za presha za aina ya enalapril, lisinopril au losartani, na huzidi tena akiongeza dawa za maumivu kama vile diklofenaki au ibuprofeni. Wananchi wanaonunua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo au magoti wazingatie jambo hili.

(b) Potasiamu. Vidonge vingi vya kukojosha hutoa potasiamu kwa mkojo, na kutapika na kuharisha huitoa zaidi. Ikishuka, mtu hulegea, hushikwa na mishipa ya miguu, na moyo unaweza kwenda kombo. Kwa anayetumia spironolaktoni, hasa akiwa pia na enalapril au losartani, hali hugeuka: mafigo yakidorora, potasiamu hupanda, nayo pia ni hatari kwa moyo.

(c) Chumvi ya damu. Vidonge vya kukojosha vinaweza kuishusha sodiamu, zaidi kwa wazee na kwa kina mama wenye miili midogo. Anayetapika kisha akanywa maji matupu kwa wingi bila ya chumvi wala chakula, anaweza kuizidisha hali hiyo, akachanganyikiwa au akasinzia kupita kiasi.

Kabla ya kuanza sindano

Mwananchi anayetumia vidonge vya kukojosha na anayekusudia kuanza sindano anashauriwa atimize mambo yafuatayo:

1. Aende kwa daktari au kliniki inayomuangalia, ikiwa ni Hospitali ya Mnazi Mmoja, hospitali za Kivunge na Makunduchi au kituo cha afya kilicho karibu naye, na achukue dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za maumivu na za miti shamba.

2. Apimwe presha akiwa amekaa, na baadaye akiwa amesimama kwa dakika moja hadi tatu. Tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, hiyo ni dalili kuwa mwili tayari una upungufu, na daktari huenda akapunguza kidonge kabla ya sindano kuanza.

3. Apimwe damu kuangalia kazi ya mafigo, potasiamu na sodiamu. Potasiamu ya kawaida huwa baina ya 3.5 na 5 hivi kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kipimo hiki cha mwanzo ndicho kitakachotumika kulinganisha baadaye.

4. Aeleze iwapo amewahi kuumwa na kongosho au kuwa na vijiwe vya nyongo, iwapo katika ukoo wake kuna saratani ya tezi la shingo, na iwapo ana mimba au anatarajia kushika mimba. Anayetumia insulini au glibenklamaidi aseme pia, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka mno.

5. Aulize, na aandikiwe katika kadi yake, afanye nini siku atakayotapika au kuharisha. Maelezo yake yanafuata hapa chini.

Mwananchi asione haya. Unene ni maradhi kama maradhi mengine, na kuutibu si aibu. Kama amekwishaanza sindano bila ya kusema, bado muda upo: aseme katika ziara yake ijayo, au aende mapema zaidi.

Wiki za mwanzo

Sindano hizi huanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole. Semaglutaidi huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, na tirzepataidi kwa miligramu 2.5, na kila hatua hukaa kiasi cha wiki nne. Kipimo cha mwanzo si cha kupunguzia uzito. Ni cha kulizoesha tumbo. Anayeruka hatua kwa haraka ya kupungua hujitafutia matapishi, na kwa mwenye kutumia kidonge cha kukojosha matapishi ni mlango wa madhara yaliyotajwa. Aidha, aliyekosa sindano mbili au zaidi mfululizo asirudi katika kipimo kikubwa alichokuwa nacho kabla ya kuuliza.

Katika wiki hizo inafaa kula kidogo kidogo na polepole, na kuacha pale shibe inapofika. Vyakula vya mafuta mengi, kama vile sambusa, bajia na biriani lenye samli nyingi, huzidisha kichefuchefu. Maji yanywewe kwa mafunda madogo siku nzima, bila ya kungojea kiu, isipokuwa kwa mwenye maradhi ya moyo au mafigo aliyewekewa kiwango na daktari wake. Huyo afuate kiwango chake. Supu nyepesi, uji na matunda husaidia. Madafu yana potasiamu nyingi: kwa anayetumia haidroklorothiazaidi dafu moja halina ubaya, lakini anayetumia spironolaktoni au mwenye maradhi ya mafigo aulize kwanza.

Jambo moja huwachanganya wengi. Mtu asiyetumia dawa ya kukojosha anaweza kuuangalia mkojo wake: ukiwa wa manjano nzito, amepungukiwa na maji. Kwa anayetumia vidonge hivi kipimo hicho hakitegemeki, kwa sababu kidonge huufanya mkojo uwe mwingi na mweupe hata pale mwili unapokauka. Dalili za kutegemewa zaidi ni mdomo kukauka, kizunguzungu anaposimama au anapoinuka kutoka katika kusujudu, mapigo ya moyo kwenda mbio, na uzito kushuka kwa kilo moja na nusu au mbili ndani ya siku moja au mbili. Uzito unaotoka kwa kasi hiyo ni maji, si mafuta.

Mwenye mashine ya kupimia presha nyumbani apime asubuhi na jioni na aandike. Asiyekuwa nayo apimwe kituoni kila baada ya wiki moja au mbili katika miezi ya mwanzo, na kila mara kipimo cha sindano kinapopandishwa.

Siku ya kutapika au kuharisha

Hapa ndipo roho ya maelezo haya ilipo. Mwananchi akitapika au akiharisha kiasi cha kushindwa kula na kunywa kama kawaida, afanye haya:

Kwanza, awasiliane na daktari au kituo chake siku hiyo hiyo, aulize kuhusu kidonge cha kukojosha. Mara nyingi daktari humwambia akisimamishe kwa muda, pamoja na dawa za aina ya enalapril au losartani, na vidonge vya metformini kwa mwenye kisukari, na azirudie baada ya kula na kunywa vyema kwa siku moja au mbili. Huku ni kusimamisha kwa ruhusa na kwa siku zinazohesabika. Si kuacha dawa ya presha. Mwenye maradhi ya moyo asisimamishe kabisa bila ya neno la daktari, kwa sababu maji yanaweza kumjaa mapafuni. Ndiyo maana imesisitizwa kuwa mpango huu upangwe na uandikwe kabla, watu wakiwa katika hali ya utulivu, usije ukatafutwa usiku wa manane.

Pili, anywe maji ya ORS kwa mafunda madogo. Pakti ichanganywe kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala pungufu. Wapo wagonjwa wa presha wanaoogopa chumvi iliyomo. Kwa siku moja au mbili za kutapika, chumvi hiyo inarejesha iliyopotea. Mwenye maradhi ya moyo au mafigo aulize kiasi cha kunywa.

Tatu, asimeze diklofenaki, ibuprofeni wala dawa nyengine za kundi hilo. Kwa maumivu au homa, paresitamo kwa kipimo chake ndiyo inayofaa.

Nne, siku ya sindano ikifika naye bado anatapika, asiipige mpaka aulize.

Dalili za kupelekwa hospitali bila ya kuchelewa

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akiona mojawapo ya haya: kutapika kwa zaidi ya siku moja bila ya kuweza kuweka chochote tumboni, kuzimia au kuanguka, mkojo kuwa haba sana au kukatika kwa saa nyingi, moyo kupiga kombo, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, tarakimu ya juu ya presha kuwa chini ya 90, na maumivu makali ya tumbo la juu yasiyotulia, hasa yakienda mpaka mgongoni, kwa sababu hayo yanaweza kuwa ya kongosho. Anayempeleka achukue kalamu ya sindano na pakti za vidonge, ili daktari asilazimike kubahatisha.

Joto la kaskazi na mwezi wa Ramadhani

Katika musimu wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, joto la Unguja hupita digrii 30 na mwili hutoa jasho jingi. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wavuvi, wajenzi na wachukuzi hupoteza maji kwa jasho pamoja na yale yanayotoka kwa kidonge. Wanaofanya kazi za jua wakiwa wanatumia dawa zote mbili wachukue maji pamoja nao na wapumzike kivulini saa za mchana.

Mwaka 2026 mwezi wa Ramadhani umeangukia ndani ya musimu huo wa joto. Anayefunga hakai na maji kwa zaidi ya saa 13 tokea alfajiri mpaka magharibi. Akiwa na kidonge cha kukojosha na sindano inayomuondolea hamu ya futari na ya daku, upungufu unaweza kumkusanyikia siku hadi siku. Kwa hivyo, wanaotumia dawa hizi wanashauriwa kumuona daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuingia, ili saa za kumeza kidonge, na pengine kipimo chake, zipangwe upya. Kwa kawaida haifai kuanza sindano wala kupandisha kipimo chake ndani ya Ramadhani yenyewe au siku chache kabla yake. Anayeambiwa na daktari kwamba kufunga kutamdhuru, dini imempa ruhusa ya kula, na masheikh wa mtaani kwake watamfafanulia.

Kuhifadhi sindano, na hatari ya bandia

Kalamu za sindano ambazo hazijaanza kutumika huhifadhiwa ndani ya friji kwa joto la digrii 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Iliyoganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka. Iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje kwa siku zilizoandikwa katika karatasi yake, ikiwa joto halizidi digrii 30, sharti ambalo nyumba nyingi za Unguja hazilifikii wakati wa kaskazi. Wananchi watakumbuka kuwa tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme kwa kiasi cha miezi mitatu. Hata katikati ya saa chache za kukatika umeme, friji isifunguliwe ovyo. Na dawa ambayo mtu ana shaka nayo aulize kwa mfamasia kabla ya kuipiga.

Dawa iliyosafiri katika mzigo bila ya ubaridi inaweza kupoteza nguvu. Zaidi ya hilo, inaweza kuwa bandia. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia zilizogunduliwa mwaka 2023 nchini Brazil, Uingereza na Marekani, na likaeleza kuwa bandia hizo zinaweza kuwa na dawa nyengine ndani yake, kama vile insulini, ambayo humshusha mtu sukari ghafla. Mwenye kutaka kujua kama dawa imesajiliwa aulize Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kabla ya kutoa fedha zake. Lebo iliyopauka, maandishi yenye makosa, kalamu isiyo na namba ya toleo, au bei iliyo chini mno, ni ishara za kutilia shaka.

Kalamu moja ni ya mtu mmoja. Hata ncha ikibadilishwa, damu kidogo inaweza kurudi ndani ya kalamu na kuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Ncha zilizotumika zitiwe ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko na zipelekwe kituo cha afya. Zisitupwe jaani ambako watoto hucheza.

Makosa mawili ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kumeza Lasix au kidonge chengine cha kukojosha kwa nia ya kupungua, au kuongeza vidonge ili sindano ifanye kazi haraka. Kidonge hakiunguzi mafuta hata chembe. Mizani hushuka kwa sababu maji yametoka, na hupanda tena maji yakirudi. Kilichopungua kweli ni nguvu ya mwili na usalama wa mafigo.

Kosa la pili ni kinyume chake: kujiachisha dawa za presha kwa sababu uzito umepungua na mtu anajiona mzima. Ni kweli kwamba kidonge kilichomfaa mtu wa kilo 100 kinaweza kuwa kingi kwake akifikia kilo 85, na daktari huenda akakipunguza au akakiondoa kabisa. Lakini uamuzi huo hutokana na vipimo. Presha ya juu aghalabu haiumi, na anayeacha dawa kwa kujihisi vizuri anaweza kuamka na kiharusi. Vile vile, sindano zikiachwa, uzito mara nyingi hurudi, na presha hurudi nao. Kwa hivyo anayeacha sindano pia anahitaji kupimwa upya.

Hitimisho

Kwa muhtasari, wananchi wanakumbushwa haya: dawa zote zijulikane na mtu mmoja anayewatibu, damu na presha zipimwe kabla ya kuanza na baada ya kila hatua, mpango wa siku ya kutapika uandikwe mapema, dawa ya presha isiongezwe wala isiachwe bila ya ruhusa, na sindano inunuliwe mahali panapojulikana. Vijana wanaowaletea wazee wao sindano kutoka ng'ambo wanafanya hivyo kwa mapenzi. Wanaombwa mapenzi hayo wayakamilishe kwa kufuatana nao hadi kliniki, kalamu ikiwa mkononi, kabla ya sindano ya kwanza kupigwa.